Kadi Inayotaja Namba Yake Tu Isibebe Pesa ya Mtu

"Mtu akisimama karibu nami ndani ya 105 na kamashine mfukoni, anaweza kuninyonya pesa?" Swali hili tunaletewa kila mara, hasa na wateja wanaopanda matatu za Waiyaki Way asubuhi, zile zinazojaa hadi mlangoni. Jibu fupi ni kwamba pesa iliyo kwenye simu yako hainyonywi hivyo. Lakini nyuma ya swali hilo kuna jingine kubwa zaidi, na mwezi huu limetufikia kupitia mteja wetu mmoja mwenye hoteli ndogo pale Mountain View.

Mteja huyo aliletewa ofa. Kadi mia moja za plastiki na kisomaji kimoja cha kuweka kaunta. Wateja wake wangelipa mapema, tuseme pesa ya chakula cha wiki nzima, kisha kila siku wagusishe kadi na kukaa mezani. Hakuna kutafuta chenji, hakuna kungoja mesej wakati mtandao unasumbua. Muuzaji alimwapia kwamba kadi hizo haziwezi kuigwa. Akatuuliza kama tunaweza kuziunganisha na till yake kwetu, ili mtu akiweka pesa kwa simu salio lake liingie kwenye kadi moja kwa moja.

Tulimwambia hapana, na hapa tunaeleza sababu, kwa maana ofa kama hii haikuletwa kwake pekee. Inazunguka kwenye shule, kwenye kantini za ofisi, kwenye sehemu za kuosha magari, na kwenye maploti ambako keateka anagawa kadi za geti.

Tulichoona mezani

Tulimtuma mwenzetu Luthuli Avenue. Alirudi na bodi ya Arduino Uno, kisomaji kinachoitwa RC522, na waya saba za kuunganishia. Ndani ya pakiti ya kisomaji mlikuwa tayari na kadi moja nyeupe na kile kitagi cha bluu cha kuning'iniza kwenye funguo. Kisomaji chenyewe kiligharimu chini ya lunch ya watu wawili mjini.

Kwa asiyeijua, Arduino ni kompyuta ndogo sana ya kufundishia na kuchezea, iliyobuniwa Italia mwaka 2005. Hii tuliyonunua ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu, kiasi ambacho simu yako ya kawaida ingekicheka. Haina skrini, haina kibodi. Unaichomeka kwenye laptopu, unaiandikia programu fupi, na inafanya kazi hiyo moja. Wanafunzi wa sekondari wanaitumia kuwasha taa na kupima joto. RC522 nayo ni chipu yenye antena iliyochorwa kwenye bodi. Inatoa mawimbi ya megahezi 13.56, na kadi isiyo na betri inapopata mawimbi hayo inaamka kwa nguvu hiyo hiyo na kujibu. (Ukijaribu, ukumbuke kisomaji hiki kinataka volti 3.3. Ukikipa 5 unaweza kukiunguza, na hapo utarudi Luthuli.)

Programu ya kukiendesha iko bure kwenye intaneti. Kufikia saa ya chai kilikuwa kinasoma.

Jambo la kwanza tuliloliona ni umbali. Kadi ilisomeka kwa sentimita tatu, nne hivi. Ikiwa ndani ya waleti iliyojaa kadi nyingine, ilikuwa shida. Kwa hiyo yule jamaa wa 105 mwenye kamashine kama haka angelazimika kukubandikia mfuko wake kwenye mfuko wako na kutulia. Kuna antena kubwa zaidi, ndiyo, lakini zinataka nguvu nyingi na si kitu cha kuficha ndani ya jaketi.

Jambo la pili ndilo lililotufanya tuandike. Mwenye hoteli alitupa kadi moja ya mfano aliyoachiwa na muuzaji, akakaa nasi tukiijaribu. Kadi za aina hiyo zina kumbukumbu ya kilobaiti 1, imegawanywa vyumba 16, na kila chumba kina funguo mbili. Zinapotoka kiwandani funguo zote ni zile zile zinazojulikana dunia nzima, herufi F mara kumi na mbili. Anayetengeneza mfumo anatakiwa kuzibadilisha. Hii haikuwa imebadilishwa. Wala ndani ya vyumba hamkuwa na kitu, sifuri tupu. Maana yake mfumo mzima ulikuwa unategemea kitu kimoja, namba ya kadi, ambayo kadi humtajia yeyote anayeuliza, bila kufungua chumba chochote.

Zinauzwa kadi tupu ambazo namba yake unaweza kuiandika unavyotaka. Tulichukua moja, tukaiandikia namba ile, mwenye hoteli akaenda kuigusisha kwenye kisomaji alichoachiwa kwa majaribio. Ikakubali. Kazi yote haikumaliza dakika moja.

Namba ni jina, si siri

Hebu fikiria namba yako ya simu. Inajulikana na kila aliyewahi kukutumia pesa, na kila konda uliyewahi kumlipa nauli. Hakuna anayeweza kutoa hata shilingi kwako kwa kuitaja tu, kwa sababu namba inasema wewe ni nani lakini haithibitishi. Kinachothibitisha ni PIN yako na laini iliyo ndani ya simu yako. Tangu M-PESA ianze Machi 2007, Wakenya wamejifunza hivyo vitu viwili pamoja na cha tatu, ile mesej inayokuja kukuambia nini kimetoka na kimebaki nini. Mazoea hayo ndiyo yaliyofanya mtu wa kawaida akubali kuweka mshahara wake hewani.

Kadi ya mwenye hoteli haina hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Haina PIN. Haithibitishi kwamba ni yenyewe. Na mwenye kadi haoni mesej pesa inapokatwa. Sasa mweke hapo mtu anayelipwa Jumamosi kwenye mjengo, ambaye ameamua kwa busara kuweka pesa ya lunch ya wiki kabla haijaisha kwa mambo mengine. Jumatano anagusisha, anaambiwa salio limekwisha. Yeye anajua hajala. Mwenye hoteli anajua mtambo unaonyesha kadi hiyo ililiwa mara mbili Jumanne. Nani anasema ukweli? Wote wawili. Na hakuna karatasi wala mesej ya kuwaamua, kwa hiyo mwenye sauti ndogo ndiye atakayelala njaa. Hilo ndilo linalotuchoma, kuliko hata kiasi cha pesa chenyewe.

Kuna mfano mzuri ambao kila nyumba Nairobi inaujua, nao ni token ya stima. Unanunua, unapewa tarakimu 20. Jirani akizichungulia kwenye simu yako hazimsaidii, kwa sababu zimetengenezwa kwa mita yako. Na ukishaziingiza, ukizirudia mita inakataa. Namba ile imetokana na siri ambayo mita inaijua na kampuni inaijua, lakini wewe huihitaji. Kadi nzuri ya kugusisha inafanya kazi kwa akili hiyo hiyo. Kila inapogusishwa, kisomaji kinaiuliza swali jipya, na kadi inatoa jibu ambalo linafaa mara hiyo moja tu. Aliyesikiliza jibu la jana hana la kufanya nalo leo.

Ndivyo kadi za benki zinavyofanya. Tulizijaribu zetu wenyewe, kwa kisomaji kingine kinachoitwa PN532 na pia kwa simu ya Android, maana simu nyingi za kisasa zina kisomaji ndani na huhitaji kwenda Luthuli. Hapa tuseme ukweli wote. Kadi ya benki humtajia anayeuliza namba yake ndefu na tarehe yake ya mwisho, bila kufichwa. Watu wengi hushtuka wakiona hivyo. Lakini zile tarakimu tatu za nyuma hazimo, PIN haitoki, na kila malipo ya kugusisha yanabeba jibu la mara moja pamoja na hesabu ya ni mara ya ngapi kadi imetumika. Kwa hiyo hakuna wa kutengeneza pacha wa kadi yako kwa alichosoma mfukoni mwako. Hatari inayobaki ni tovuti za huku na kule zisizouliza zaidi ya namba na tarehe. Kama benki yako inakuruhusu kuzima malipo ya mtandaoni kwenye kadi, zima, uwashe siku unayonunua.

Simu ilitufurahisha zaidi. Tulipoiweka juu ya RC522 ilitaja namba, tukaiondoa, tukairudisha, ikataja nyingine. Mara ya tatu, nyingine tena. Zote zilianza na 08, alama ya kwamba namba imebuniwa papo hapo. Waliotengeneza simu walijua kuna watu watajaribu kuitambua kwa namba, wakaamua isitambulike. Mfumo unaotegemea namba ya kadi unakufa hapo hapo ukipewa simu.

Kuhusu geti la ploti, hatutazungumza sana kwa kuwa si pesa. Vile vitagi vingi havisomeki hata na RC522, kwa sababu vinatumia mawimbi ya chini, kilohezi 125, na vingi havina siri yoyote. Vinatangaza namba na basi. Soja anayekujua kwa sura ni ulinzi bora kuliko hicho kitagi, na tunashauri msimfute kazi.

Haya si mapya

Kadi za aina ya ile ya mwenye hoteli zinaitwa MIFARE Classic, au ni nakala zake. Zilitoka mwaka 1994 na zikaenea dunia nzima. Siri yake ya ndani ilifichwa, si kwa sababu ilikuwa imara, bali kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuiona. Desemba 2007, watafiti wawili, Karsten Nohl na Henryk Plötz, walionyesha kwenye mkutano Berlin kwamba wamepasua chipu tabaka kwa tabaka, wakaipiga picha kwa hadubini, na kuisoma. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaonyesha udhaifu wake wote. Aina hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kadi ya Oyster ya usafiri wa London na kwenye kadi za usafiri za Uholanzi. Kampuni ya NXP inayotengeneza chipu hiyo ilienda mahakamani Arnhem kuzuia matokeo yasichapishwe. Julai 2008 mahakama ikakataa. London ikahamia kwenye kadi zenye siri imara zaidi.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kadi hiyo leo, ibebe pesa za wateja, na akakuambia haiwezi kuigwa, amechelewa karibu miaka ishirini. Na ile ya mwenye hoteli ilikuwa mbaya kuliko hata hiyo, kwa kuwa hata siri dhaifu iliyomo haikutumika. Ni sawa na kununua kufuli ya bei rahisi kisha usiifunge.

Hapa kwetu tuna historia yetu ya kugusisha. Google na benki ya Equity walileta BebaPay mwaka 2013, ukigusisha kadi kwenye simu ya konda. Serikali ikaweka tarehe, 1 Julai 2014, kwamba matatu ziache kupokea pesa taslimu. Tarehe ikasogezwa hadi Desemba, kisha jambo likafifia, na kufikia 2015 BebaPay ikafungwa. Hatusemi kadi hizo ziliigwa, hapana. Zilikufa kwa sababu nyingine: makanga hawakuzitaka, kila kampuni ilikuja na kadi yake isiyosikilizana na ya mwenzake, na abiria hakuona anapata nini kuliko kutoa hamsini mfukoni. Tunazitaja kwa sababu zilituachia wazo kwamba kadi ya kugusisha ni jambo la nauli, la mashirika makubwa. Siku hizi inaingia kwa mlango mdogo. Pale Mathare, tangu 2015, watu wamechota maji kwa mitambo inayopokea kadi. Mtoto anapewa kadi ya kantini. Unapewa ya gym. Kila moja imebeba pesa ya mtu ambaye hakuuliza ndani mna nini, na hakuna aliyemwambia.

Wanaotupinga

Kuna wanaotuambia tunazidisha. Hoteli ya Mountain View, wanasema, haitaibiwa na mtaalamu. Atapotezaje muda kwa ugali na matumbo? Hoja hiyo ina uzito kidogo. Wizi wa kadi za chakula hautamtajirisha mtu. Lakini mfumo mdogo haubaki mdogo. Leo ni lunch, kesho mwenye hoteli anakopesha kwa kadi hiyo, keshokutwa kikundi cha wamama wa chama kinaweka michango humo kwa kuwa wamezoea. Na kuiga kwenyewe hakutaki mtaalamu tena. Mwenzetu aliyefanya jaribio lile anafanya kazi ya huduma kwa wateja, si mhandisi.

Wengine wanasema bei. Kadi yenye siri imara inagharimu mara kadhaa ya ile ya kawaida, na biashara ndogo haina hiyo pesa. Ni kweli. Jibu letu ni kwamba biashara ndogo haihitaji kadi kabisa. Till, PIN na mesej vipo tayari, na daftari la madeni lenye sahihi mbili lina ushahidi zaidi kuliko kadi isiyojithibitisha. Ukitaka kadi kwa lazima, itumike kwa pointi za kununua chai kumi upewe ya kumi na moja. Hapo anayeiga anaiba chai moja.

Tena kuna wale wanaotulaumu kwa kuzungumza. Mnawafundisha wezi, wanasema. Hatukubali. Mwizi alijua kabla yetu. Asiyejua ni mwenye kadi. Tunaona pia vijana wanaocheza na Arduino vyumbani mwao Kangemi na Uthiru wakitazamwa kama washukiwa, wakati ndio watu pekee mtaani wanaoweza kumwambia mwenye duka kwamba ameuziwa hewa. Sheria iko wazi kiasi cha kutosha: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamfunga anayeingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini, hadi miaka 3, au faini hadi milioni 5, au vyote. Kijana anayesoma kadi yake mwenyewe juu ya meza yake hajaingia kwa mtu. Akisoma ya jirani bila kuambiwa, hiyo ni hadithi nyingine, na tunamwomba asijaribu.

Kwa hiyo uogope nini?

Turudi kwa hofu ya matatu. Mwaka 2024 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza kuhusu programu ya wizi iliyoitwa NGate, iliyowapata wateja wa benki za Jamhuri ya Cheki. Ilisoma kadi ya benki kupitia simu ya mwenyewe, ikapeleka mazungumzo ya kadi kwa simu ya mwizi aliyesimama mbele ya ATM. Ujanja wa hali ya juu, kweli. Lakini angalia ulivyoanza. Mwenye kadi alitumiwa mesej, akapigiwa simu na mtu aliyejiita wa benki, akashawishiwa aweke programu, aandike PIN yake, kisha aweke kadi yake mwenyewe nyuma ya simu. Ondoa ile simu ya kwanza, na mtambo wote hauna kazi. Ni yule yule anayekupigia akisema ametuma pesa kimakosa, au kwamba laini yako itafungwa saa sita.

Kwa hivyo ukiwa ndani ya 105, shika simu yako kwa sababu ya dirisha, si kwa sababu ya mawimbi. Anayekuambia kwa simu uweke kadi nyuma ya simu yako, mkatie. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba hivyo, wala PIN.

Na ukiletewa kadi za kuuza kwa wateja wako, au shule ya mtoto ikikutumia barua kwamba kuanzia muhula ujao chakula ni kwa kadi, uliza mambo manne kabla ya kulipa. Salio liko ndani ya kadi au kwenye seva? Kadi inajithibitisha kwa siri, au inatajwa namba yake tu? Pesa ikikatwa, mwenyewe anapata mesej papo hapo? Kadi ikipotea Ijumaa jioni, nani anaifunga, kwa namba gani ya simu, na salio linarudi kwa nani? Omba majibu kwa maandishi, yenye jina la aliyejibu. Kama ni kadi unayoitumia tayari na hupati majibu, tumia salio lililobaki liishe, usiongeze jingine. Sisi hatutaunganisha till na mfumo wowote ambao jibu lake kwa swali la pili ni namba tu, hata mwenye biashara akisema amekubali hasara, kwa sababu pesa iliyo ndani si yake.